Almasi inavunjika jamani, na nimeiona ikivunjika mezani kwa fundi

Kazi yangu ni kupachika mawe kwenye pete na hereni, na swali ninaloulizwa kuliko yote wala si la bei, ni hili: fundi, almasi si haivunjiki? Mtu anauliza huku ashajijibu kichwani, anataka tu nimwambie ndiyo. Na mimi kila mara namwambia inavunjika, inameguka, inaungua, na siku ambayo iko kwenye hatari kubwa ni siku ambayo iko mikononi mwangu inapachikwa. Hapo sura inabadilika. Wapo wanaochukua mzigo wao wakaondoka na siwalaumu kabisa, bora mtu aondoke akijua ukweli kuliko aniachie jiwe lake akiamini hakuna kitu kinaweza kulipata.

Watu wanachanganya mambo mawili, kukwaruzika na kuvunjika. Ile mizani ya ugumu mnayoisikia, ambayo almasi ina 10, aliitengeneza Mjerumani anaitwa Friedrich Mohs mwaka 1812, na inapima kitu kimoja tu, jiwe gani linamkwaruza mwenzake. Rubi na safaya ziko 9, almasi iko 10, na hiyo hatua ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye namba, kwa hiyo kweli hamna kitu cha kawaida kitakachoikwaruza almasi yako isipokuwa almasi nyingine. Lakini ile 10 haisemi chochote kuhusu ukiigonga itakuwaje. Almasi ni kaboni tupu iliyojipanga kwa mpangilio maalum, na kwenye mpangilio huo kuna pande nne ambazo mshikamano wake ni mdogo kuliko kwingine, sasa pigo dogo likiangukia huko jiwe linaachana, kama gogo la kuni linavyopasuka kirahisi ukifuata nyuzi zake na linavyokugomea ukilikata kwa upana.

Wakata almasi wamelijua hili karne nyingi na ndo walikuwa wanalitumia. Jiwe la Cullinan, almasi kubwa kuliko zote zenye ubora wa kito zilizowahi kuchimbwa, lilipatikana Afrika Kusini mwaka 1905 likiwa na karati zaidi ya 3,100 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), na mwaka 1908 Joseph Asscher alilipasua kule Amsterdam kwa wembe wa chuma na pigo la mkono. Chuma! Kitu laini mno mbele ya almasi ukipima kwa kukwaruzana, lakini ndo kiliigawa. Halafu unakuta bado kuna mtu anaamini ile hadithi ya zamani, aliiandika Pliny wa Roma karibu miaka 2000 iliyopita, kwamba ukiweka almasi kwenye fuawe ukaipiga nyundo basi nyundo na fuawe ndo vitapasuka. Naomba sana mtu asijaribu. Itakuwa unga.

Sasa kwenye kupachika kwenyewe. Wengi wanadhani fundi anaweka jiwe juu ya pete afu anakunja kucha, zile nguzo ndogo zinazolishika, basi kazi imeisha. Kukunja ni sehemu ndogo ya mwisho. Kazi kubwa ni kuchonga kiti, yaani ndani ya kila kucha nachimba kijifereji kwa biti ndogo ili ukingo wa jiwe uingie humo ukae, na mteremko wa kile kijifereji ufanane na mteremko wa tumbo la jiwe, ile sehemu yake ya chini. Likilala sawasawa, chuma kinaligusa eneo pana na ule mgandamizo unasambaa. Lakini kukibaki chembe ya chuma humo ndani, au kiti kimoja kikawa juu kidogo kuliko vingine, au mteremko haujaendana, basi jiwe limeegemea nukta moja tu, afu unakuja kukaza kucha juu yake, nguvu yote ya mkono inaishia kwenye hiyo nukta ambayo hata kwa macho huioni. Mzee aliyenifundisha alikuwa ananirudishia pete nilizodhani nimemaliza kuchonga, ananiambia, "Kijana, mkono hauvunji almasi, kiti ndo kinaivunja, rudi ukaangalie tena." Nilikuwa nachukia sana kurudishwa. Leo mimi ndo nawarudishia wengine.

Na unakaza kwa kupokezana, kucha hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, unazunguka, huwezi kumaliza moja ndo uende nyingine maana jiwe litainama upande mmoja. Chuma nacho kina tabia yake, dhahabu nyeupe iliyochanganywa na nikeli ni kaidi, unaisukuma inarudi, inabidi uongeze nguvu, na hapo kwenye kuongeza nguvu ndipo mawe yanapoumia. Platinamu ukiisukuma inabaki pale ulipoiacha, kwa kucha napenda kuifanyia kazi, ila ikiwa ni ile fremu nene inayozunguka jiwe lote na inahitaji kugongwa kwa nyundo kuifunga basi inahitaji mkono uliotulia na jiwe lisilo na udhaifu pembeni.

Niliona kwa macho yangu jiwe likimeguka kwenye karakana moja niliyofanya kazi zamani, si mikononi mwangu, lilikuwa mikononi mwa fundi mwenye uzoefu kuliko sisi wote mle ndani. Lilikuwa la mraba, ule mkato wanauita princess, wenye pembe nne kali. Alikuwa kwenye kucha ya mwisho. Tulisikia mlio mdogo sana, tik, basi. Akaacha kila kitu hapo hapo, akaweka koleo chini, akachukua lupu, kile kioo kidogo cha kukuza, akaangalia muda mrefu bila kusema, afu akanipa na mimi niangalie. Pembe imeondoka. Tulipoangalia vizuri pale lilipoachia tukaona kulikuwa na ufa wa ndani uliokuwa unaelekea kwenye ile pembe tangu mwanzo, mdogo, umejificha kwa namna ambayo ukiangalia kutoka juu huuoni kabisa, mpaka ulilaze jiwe ubavu na taa ipite pembeni. Alimpigia simu mwenye jiwe palepale kabla hata hajanyanyuka kwenye kiti, akamwambia ukweli wote, na kwa kweli nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku zote alizonionyesha ufundi.

Toka hapo jiwe lolote lenye pembe au ncha nalishika kwa adabu nyingine. Mraba, machozi, lile refu lenye ncha mbili, moyo, yote hayo udhaifu wake uko kwenye ncha, maana nyama ya jiwe pale ni kidogo na mara nyingi wakataji wanasukuma kasoro za ndani ziishie huko pembeni ili katikati pawe pasafi. Ncha inatakiwa ifunikwe kwa kucha ya umbo la V, na nyuma ya ile ncha unachimba nafasi ndogo tupu ili ncha yenyewe isiguse chuma hata kidogo, kucha ishike kuta mbili za pembeni tu. Ukiona pete ya mraba ina kucha za kawaida za duara zimebana ncha moja kwa moja, au ncha zimeachwa wazi kabisa, muulize aliyeitengeneza kwa nini. Jiwe la duara ndo lina uvumilivu kuliko yote, halina kona ya kukamatwa.

Kitu kingine ambacho wanunuzi wengi hawaulizi ni unene wa ukingo, ule mstari unaozunguka almasi kwenye sehemu yake pana kuliko zote. Wote wanauliza karati, rangi, usafi, afu wanapita. Kumbe kwa sisi tunaopachika ukingo ndo swali la kwanza, maana ndo tunapolishika jiwe. GIA, ile taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1931, kwenye ripoti zake kamili inaandika kabisa ukingo ni wa unene gani, kuanzia mwembamba mno mpaka mnene mno, na mimi nikiona mwembamba mno natulia kwanza. Ukingo wa hivyo ni kama haupo, juu na chini ya jiwe vinakutana kwenye makali, na makali hayo hata kucha ikikaza kistaarabu yanaweza kutoka kipande. Mnene mno nao una shida yake, unalipia uzito ambao hauonekani ukiangalia jiwe kwa juu, lakini angalau haumeguki ovyo. Kama unanunua pete ya kuvaa kila siku usikubali ukingo wenye makali hata kama bei imekuvutia vipi.

Hii ya kuangalia kabla ndo imeokoa mambo mengi kuliko ustadi wowote wa mkono. Mteja akileta jiwe simruhusu aondoke kabla hatujaliangalia wote wawili, kwa lupu ya mara 10, na namchorea kwenye karatasi umbo la jiwe lake na kila kitu tunachokiona, kidoa hapa, ufa pale, kimeguko kidogo upande huu, napiga na picha, anasaini anabaki na nakala. Kuna mama aliniletea pete aliyoachiwa na mama mkwe wake, alitaka jiwe lihamishiwe kwenye pete mpya kwa ajili ya binti yake anayeolewa. Ilikuwa na kucha pana za zamani zimefunika sehemu kubwa ya ukingo. Nikamwambia mama, hapa chini ya kucha mimi sioni, inawezekana kuna kitu na inawezekana hakuna, nikifungua kukawa na kitu nataka uwe umekaa hapa. Akakubali akakaa. Nikafungua taratibu, na chini ya kucha ya tatu pakawa na pengo, limeshika uchafu mweusi wa miaka, yaani unaona kabisa ni la zamani. Huenda aliyeipachika mwanzo aliliweka makusudi ile kucha ipafunike, na hilo lenyewe si dhambi, ni njia halali ya kulinda sehemu dhaifu. Lakini hebu fikiria angeniachia akaondoka, afu kesho namwita namwambia mama jiwe lako lina pengo. Angeniaminije? Na mimi ningemthibitishiaje?

Ndo maana ule ugomvi wa jiwe langu limevunjwa na fundi mara nyingine hauna mwizi wala mzembe, una watu wawili ambao hawakuliangalia jiwe pamoja kabla. Ila naomba nieleweke, wapo pia mafundi wanaovunja afu wanakaza kucha juu ya pengo wanakaa kimya. Mchoro unamlinda mteja na hao pia. Na lile swali la nani analipa likitokea la kutokea, liulizwe kabla jiwe halijatoka kwenye bahasha, kwa maandishi. Fundi anayekwambia usijali almasi haivunjiki, huyo mimi ndo ananitisha kuliko yule anayekuorodheshea hatari.

Twende kwenye moto. Almasi ni kaboni na kaboni inaungua, hilo lilishathibitishwa zamani, mwanakemia Lavoisier kule Ufaransa aliziunguza almasi kwenye miaka ya 1770 kwa kukusanya mwanga wa jua na lenzi kubwa, na Mwingereza Smithson Tennant akaonyesha mwaka 1797 kwamba kinachobaki baada ya kuungua ni hewa ile ile inayotoka kwenye mkaa. Kwenye hewa ya kawaida inaanza kuungua kwenye nyuzi joto 850 hivi za selsiasi, kwenye oksijeni tupu ni mapema zaidi, karibu 700. Sasa lehemu nyingi za dhahabu zinayeyuka humo humo kwenye 700 mpaka 800, na moto wa gesi unazidi hapo kwa mbali, kwa hiyo fundi anayerekebisha kucha jiwe likiwa ndani anacheza karibu kabisa na mpaka.

Almasi haigeuki majivu mbele yako, inachofanya ni uso wake kuwa mweupe, umefifia, mng'ao umekufa. Nimeletewa jiwe la hivyo, dada wa watu alidhani ni uchafu, amelisafisha na sabuni mpaka amechoka. Halikuwa uchafu. Lilichomwa. Kinga yake ni rahisi na ya siku nyingi, unasafisha jiwe kwanza hadi liwe halina mafuta hata chembe, unalichovya kwenye asidi ya boriki iliyokorogwa kwenye spiriti, unawasha ile spiriti inaungua inabakiza utando mweupe kama ngozi juu ya jiwe, na huo utando ndo unazuia oksijeni isilifikie. Ukimaliza unaacha lipoe lenyewe. Pete ya moto ukiitupa kwenye maji au kwenye asidi ya kusafishia, lile joto linaloshuka ghafla linaweza kupanua ufa wowote uliokuwemo ndani. Lakini subira ndo wengi hawana, wanataka wamalize wachukue kazi nyingine. Kwenye platinamu mimi sijadili, inayeyuka kwenye nyuzi 1,768 na lehemu zake ni za joto kali mno, jiwe linatoka kwanza, au itumike mashine ya leza inayochomelea nukta ndogo bila kupasha pete nzima.

Na hapa ndo namsihi mtu asimfiche fundi kitu. Kuna almasi ambazo nyufa zake zimejazwa kioo ili zisionekane. Ni biashara halali kama imesemwa wazi wakati wa kuuza, lakini kile kioo hakivumilii moto wa fundi, kinatoka au kinabadilika, na jiwe lililoingia safi linatoka limejaa nyufa, mteja anasema umeniharibia. Zipo pia zilizopakwa utando wa rangi, huo unakwanguka. Kama unajua jiwe lako limefanyiwa kitu sema, na kama hujui muombe fundi alikague kabla. Almasi za maabara mnaziuliza sana, hizo ni almasi kamili, kaboni ile ile na pande zile zile nne za kupasukia, hazivunjiki kirahisi zaidi wala hazivumilii zaidi, zinapachikwa kwa uangalifu ule ule.

Nje ya karakana jiwe linaumia kwa njia ambazo watu hawazifikirii. Almasi kwa almasi zinakwaruzana, na ukiweka mawe yako yote kwenye kimfuko kimoja ukatembea nayo yatakula kingo za wenzake, ukiyaangalia kwa lupu ile mistari ya mikato iliyokuwa mikali inakuwa imechakaa. Kila jiwe lilale kwenye karatasi yake, kila pete kwenye kitambaa chake. Hereni vilevile. Pete mbili zinazovaliwa kidole kimoja zinasuguana mchana kutwa, na ukingo wa jiwe ukiwa umetokeza upande basi unagonga ile ya jirani kila unapokunja mkono.

Ila adui mkubwa kuliko yote hayo ni kucha iliyolegea. Chuma kinalika taratibu kwa miaka, klorini ya bwawa la kuogelea nayo inadhoofisha michanganyiko ya dhahabu, hasa ile nyeupe yenye nikeli, na siku moja jiwe linaanza kucheza humo ndani. Jiwe linalocheza linagonga chuma kila hatua unayotembea, na likigongeshwa ukutani au kwenye kaunta ya jiwe halina wa kuligawia lile pigo. Kaa sehemu kimya weka pete karibu na sikio uitikise, ukisikia kitu kinalia ivue usiivae tena hadi ifike kwa fundi. Na usiipeleke kwenye ile mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti ikiwa katika hali hiyo, inatikisa kila kitu, mawe madogo yaliyopangwa kwa wingi yanadondoka humo, na jiwe lenye nyufa nyingi linaweza kuongezeka ufa. Mimi nyumbani nasema maji ya vuguvugu, sabuni laini ya vyombo na mswaki laini, yanatosha, maana almasi inavuta mafuta sana na shida yake ya kila siku ni mafuta tu. Ukiosha ziba kwanza tundu la sinki.

Na kama limeshameguka, usilie bado. Kwanza lisiendelee kuvaliwa, maana palipotoka kipande ndo pengo linaanzia kukua. Pengo dogo pembeni linaweza kuingizwa chini ya kucha, mshike fundi anayejua kulielekeza jiwe upya. Uso uliofifia kwa moto unang'arishwa upya na jiwe linarudi, unapoteza uzito kidogo. Pengo kubwa linahitaji kukatwa tena na mkata almasi, si sonara, hizo ni kazi mbili tofauti, na hapo uliza kabla ya kukubali litabaki na karati ngapi, kwa sababu jiwe la 1.02 likirudi 0.97 linaonekana lile lile kidoleni lakini sokoni limeshuka daraja kwa kuwa liko chini ya karati 1. Kuna wanaoona bora wabaki na pengo na uzito wao. Nikiona ukingo uliobaki ni mzima na hakuna ufa unaoingia ndani namwambia sawa, tulifunike tuendelee. Nikiona ufa unaelekea katikati nakataa kulikaza, hata akisema atasaini kwamba hanidai.